Udi, Shabu na Kucha za Dhahabu: Tathmini ya Duka la Tamthilia Mwembe Tayari

Duka lenyewe ni chumba kimoja chembamba upande wa Mwembe Tayari, Mombasa, kilichobanwa kati ya fundi wa simu na muuza viatu vya mitumba, na asiyelijua anaweza kulipita mara tatu akidhani ni mlango wa kupandia ghorofani. Ndani mna kompyuta mbili, diski kubwa zilizopangwa ubaoni kama mikate ya boflo, feni inayolalamika, na daftari lililokunjika pembe ambamo majina ya tamthilia yameandikwa kwa mkono. Mteja huja na flashi yake, huchagua, hulipa shilingi 100 kwa tamthilia fupi au 200 kwa ndefu, kisha huketi kwenye benchi kungoja inakiliwe. Nimekuwa mteja hapo kwa miezi minane, na katika muda huo nimenunua karibu aina moja tu ya kazi: tamthilia za Kichina na za Kikorea ambazo mhusika wake mkuu ni mwanamke mwenye vitimbi, anayeingia katika nyumba ya wakubwa akiwa hana lolote mkononi ila akili yake.

Wateja wengi hawaziombi kwa majina. Siku yangu ya kwanza nilimsikia mama mmoja aliyevaa buibui akimwambia kijana wa dukani, "Mwanangu, nipe ile ya bibi mwenye kucha," na kijana, bila kuuliza zaidi, akafungua folda iliyoandikwa "Malkia Kucha". Kucha zenyewe ni vifuniko virefu vya dhahabu au fedha ambavyo wanawake wa jumba la kifalme la Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme kutawala China, walivaa vidoleni, na waigizaji huvitumia kwa ustadi mkubwa: kidole kikipinda kidogo juu ya kikombe cha chai, mtazamaji anajua kwamba kuna mtu ameshahukumiwa.

Jina halisi la tamthilia hiyo kwa wanunuzi wa kigeni ni Empresses in the Palace. Ilianza kuonyeshwa China mwaka 2011, ina sehemu 76, iliongozwa na Zheng Xiaolong, na ilitokana na riwaya ya Liu Lianzi iliyosomwa kwanza kwenye intaneti. Sun Li anaigiza Zhen Huan, binti wa afisa anayechaguliwa kuwa suria wa Mfalme Yongzheng, aliyetawala kuanzia 1722 hadi 1735. Hakutaka kuchaguliwa, na alipokwisha kuchaguliwa alijifanya mgonjwa ili asiitwe. Lakini sura yake ilifanana na ya malkia wa kwanza, marehemu, ambaye mfalme hajaacha kumlilia, na mfanano huo ndio unaompandisha na ndio unaomwangusha. Ninaipenda kwa sababu haimwanzishi akiwa bingwa wa fitina. Anajifunza kosa baada ya kosa, na kila anachojifunza kinamchukulia kitu: rafiki, mimba, mapenzi, na hatimaye ule uso wa kucheka aliokuja nao.

Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa namna ya kuitazama kazi kama hii. Mwanamke akinunua leso Mtaa wa Biashara yenye maneno "Hasidi hana sababu", akajitanda na kupita mbele ya baraza ya jirani fulani bila kugeuza shingo, hakuna aliyetukanwa na kila mtu amesikia. Katika jumba la Zhen Huan mambo ni hayohayo. Hakuna anayepiga kelele. Malkia, mke mkuu wa mfalme, anamsifu suria, na sifa hiyo ni kisu. Kwa hiyo silaha ya wanawake hawa ni maneno, mpangilio wa maneno, na subira ya kungoja siku yake, na ndiyo maana duka linalouza tamthilia zao linapaswa kupimwa kwa jinsi linavyomfikishia mnunuzi maneno hayo, na kwa taratibu gani. Bei si kitu; shilingi 200 kwa zaidi ya saa 50 za burudani haina wa kuilalamikia.

Nitoe mfano wa jambo nililoliona kwa karibu. Usiku mmoja tulikuwa sebuleni, mimi na mamangu mkubwa, ambaye hutia udi chetezoni kila baada ya swala ya Isha. Suria Hua, kipenzi cha mfalme, alikuwa ameishatuchosha kwa kujivunia ubani wake, ambao mfalme amempa yeye peke yake na hakuna mwingine jumbani anayeruhusiwa kuufukiza. Kisha siri ikafichuka: ndani ya ubani mna miski, ambayo katika tiba yao huaminika kuzuia mimba, na mfalme mwenyewe ndiye aliyeagiza itiwe, kwa kuwa aliiogopa nguvu ya kaka yake, jemadari Nian Gengyao, na hakutaka ukoo huo upate mtoto wa kifalme. Mamangu mkubwa alikitazama chetezo, akanitazama mimi, akauliza, "Udi huu umeununua kwa nani?" Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyeuleta. "Haya," akasema, "endelea."

Zhen Huan hamuui Hua kwa sumu wala kwa kamba. Anamwendea alikofungwa, anakaa, na kumweleza ubani ule ulikuwa nini. Hua, aliyevumilia kuvuliwa cheo na kufiwa na kaka, havumilii habari hiyo, na anajipigiza kichwa ukutani. Sijaona katika tamthilia nyingine mauaji yaliyofanywa kwa kusema kweli tupu, na katika eneo hilo neno moja likipotea katika tafsiri, mtazamaji atabaki na picha ya mwanamke mmoja akimtembelea mwenzake na mwenzake akarukwa na akili.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye kasoro kubwa ya duka. Tamthilia zake ziko za namna tatu: zenye sauti ya asili na maandishi ya Kiingereza chini, zilizotiwa sauti za Kiswahili kwa ajili ya runinga, na zilizosimuliwa, yaani zile ambazo mtu mmoja huzungumza juu ya picha kutoka mwanzo hadi mwisho, akiwa mume, mke, mfalme na farasi. Malkia Kucha waliyonipa mara ya kwanza ilikuwa ya kusimuliwa, ingawa sikuulizwa ninataka ipi. Sina chuki na wasimuliaji. Katika sinema za ngumi na bunduki wao ndio raha yenyewe, na kuna mizaha ambayo haikuwamo katika filamu na ambayo nisingeikubali iondolewe. Lakini msimuliaji hawezi kunyamaza, na fitina ya jumbani inahitaji kimya.

Chukua lile eneo la kupima damu. Zhen Huan anashtakiwa mbele ya mfalme kwamba mwanawe wa kiume amemzaa na tabibu, na inaletwa bakuli ya maji ili damu ya mtoto na damu ya tabibu zitiwe humo; zikiungana, ni baba na mwana. Zinaungana. Mtazamaji anabaki ameduwaa pamoja na Zhen Huan, kwa maana yeye mwenyewe anajua hilo haliwezekani, na kwa muda mfupi hana neno. Kisha anafikiri, anaamuru damu ya mtumishi towashi itiwe katika maji yaleyale, nayo inaungana pia, na kumbe maji yametiwa shabu, ambayo huunganisha damu yoyote. Uzuri wote umo katika zile dakika chache ambazo hatujui. Msimuliaji wetu, kabla bakuli halijawekwa mezani, alitutangazia kwa furaha, "Hapo pana shabu ndugu zangu, mama huyu amechezewa!" Nilizima runinga nikaenda kuosha vyombo.

Jambo jingine analolipoteza ni heshima. Masuria katika jumba hilo hawasemi "mimi" mbele ya mfalme. Hutumia neno "chenqie", la kujidunisha, ambalo kwa Kiswahili lingekaa vizuri kama "mja wako" au "mtumishi wako". Mfalme naye ana neno lake la kujitaja, "zhen", lisilotumiwa na mwingine yeyote. Malkia anapofikia kulia kwamba hawezi, hawezi kumchukia mfalme ingawa angetaka, anasema hivyo akiwa bado anajiita mja, na ndiyo maana kilio chake kinachoma. Msimuliaji alimfanya aseme, "Mimi siwezi bwana," kama mtu aliyeombwa kusukuma gari. Kiswahili hakikosi maneno ya kuamkiana kwa daraja. Sisi ndio tuliolelewa kwa shikamoo. Hizo za runinga, zilizotiwa sauti rasmi, huwa na nidhamu zaidi. Wengi bado wanaikumbuka ile ya Doudou na mama wakwe zake wawili, iliyoonyeshwa na TBC ya Tanzania mwaka 2011, ambamo Wachina walizungumza Kiswahili kilichonyooka, na ambamo mke kijana aliwashinda wakwe kwa uungwana zaidi kuliko kwa hila. Ni ya aina nyingine, lakini ilionyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa vyema.

Niliporudi dukani kulalamika, kijana alinibadilishia bila malipo na bila kununa, akanipa yenye sauti ya asili na maandishi ya Kiingereza. Nilishukuru mapema. Mafaili yalikuwa yamepewa majina kwa tarakimu tupu, 1, 2, 3, na runinga yangu, kama runinga nyingi, huyapanga mafaili kwa kufuata tarakimu ya kwanza, hivyo baada ya sehemu ya 1 ikaja ya 10, kisha ya 11, hadi ya 19, ndipo ikaja ya 2. Tulitazama sehemu nne kabla ya kugundua. Mamangu mkubwa alikuwa tayari ameshamwombea rehema msichana mmoja, mara msichana huyo akaingia akiwa mzima na kikapu cha maua. Katika hadithi ya kulipiza kisasi, ambapo kila kisasi kina chanzo chake, hakuna ajali mbaya kuliko hiyo.

Hata hivyo ni ajali ndogo ikilinganishwa na walichofanya wenye mali wenyewe. Mwaka 2015 tamthilia hiyo ilipelekwa Netflix huko Marekani ikiwa imekatwa kutoka sehemu 76 hadi sita, kila moja ya dakika 90. Saa tisa. Nimejaribu kuwaza ni nini kilichobaki, na nadhani ni kucha.

Rafu ya pili niliyoipekua ni ya mwaka 2018, mwaka wa ajabu katika fani hii, kwa kuwa tamthilia mbili kubwa zilitoka miezi ileile kuhusu jumba lilelile, mfalme yuleyule Qianlong, na karibu wanawake walewale. Story of Yanxi Palace, yenye sehemu 70, inamfuata Wei Yingluo, mdarizi anayeingia jumbani kuutafuta ukweli wa kifo cha dada yake. Adui wake mkubwa mwishoni ni malkia wa pili, wa ukoo wa Nara. Ruyi's Royal Love in the Palace, yenye sehemu 87, inamfuata malkia huyohuyo wa ukoo wa Nara, akiigizwa na Zhou Xun, na mbaya wake ni suria wa ukoo wa Wei. Shujaa wa huku ndiye nduli wa kule. Historia yenyewe imeacha mambo machache: malkia huyo alikosana na mumewe katika safari ya kusini mwaka 1765, ikasemwa kwamba alikata nywele zake, jambo ambalo kwa Wamanchu, watu wa kabila la watawala wa Qing, lilifanywa katika matanga, na akafa mwaka uliofuata, naye mwana wa suria Wei ndiye aliyekuja kuwa Mfalme Jiaqing. Katika mianya ya habari hizo chache waandishi wawili wamejenga majumba mawili yasiyopatana.

Ninashauri zinunuliwe zote mbili, lakini zitiwe katika flashi mbili. Kwangu mimi duka lilichanganya, na sehemu nne za Ruyi zikaingia katika folda ya Yanxi. Mamangu mkubwa hakushangaa kwamba sura zimebadilika, maana kuna waigizaji huacha kazi. Alichokasirikia ni kwamba Wei, mtoto mzuri aliyemtetea wiki nzima, ameota pembe ghafla.

Kuhusu ubora, Yanxi ni tamu na inakwenda mbio. Wu Jinyan, anayemwigiza Wei Yingluo, ana macho ya mtu aliyekwisha kuhesabu hatua tano mbele, na haogopi kumjibu aliye juu yake. Watu waliipenda duniani kote. Mwaka huo iliongoza orodha ya Google ya tamthilia zilizotafutwa zaidi. Lakini mimi naona anashinda kwa urahisi mno. Akitegewa leo, kesho mtegaji amenaswa, na baada ya sehemu ya 30 nilianza kuwahurumia maadui. Ruyi ni kinyume chake: nzito, ya huzuni, mavazi ya kuvutia, na mwanamke ambaye anaona kila fitina na anachoka kuijibu. Nilisinzia mara mbili, nakiri. Sehemu za mwisho hazikuniruhusu kusinzia.

Kwa upande wa Korea duka halina vingi vya kale, ila lina lulu moja, Queen Seondeok ya kituo cha MBC, ya mwaka 2009, yenye sehemu 62. Malkia huyo alikuwapo kweli; alitawala Silla, ufalme wa kale wa Korea, kuanzia 632 hadi 647. Lakini anayeibeba tamthilia ni mpinzani wake, Mishil, aliyeigizwa na Go Hyun-jung, mwanamke anayetawala bila kiti cha enzi kwa sababu anamiliki hesabu za kalenda. Anajua mvua itanyesha lini na jua litapatwa lini, na watu wanadhani ni mbingu zinazomsikiliza. Deokman, ambaye ndiye atakuwa malkia, anamshinda kwanza kwa hila ya kupatwa kwa jua, kisha anafanya lisilotarajiwa: anaitoa elimu hiyo kwa watu wote na kuamua kujenga mnara wa kutazamia nyota, Cheomseongdae, ambao upo Gyeongju hadi leo. Mabishano ya wanawake hao wawili kuhusu kama watu wa kawaida wanataka ukweli au wanataka kuaminishwa ni mazuri kuliko vita vyote vilivyomo. Sisi ambao kila mwaka tunapokea simu kumi za kubishana kama mwezi umeandama tuna la kuchangia hapo.

Za kisasa ni nyingi na sitazitaja zote. Inayostahili ni The Glory, ya sehemu 16, iliyotolewa na Netflix kwa mafungu mawili, mwishoni mwa Desemba 2022 na Machi 2023. Song Hye-kyo anaigiza Moon Dong-eun, aliyechomwa kwa chuma cha kupindia nywele na wanafunzi wenzake wenye pesa, na ambaye anatumia miaka yake yote ya ujana kupanga malipizi. Hana jumba wala cheo. Anakuwa mwalimu wa mtoto wa aliyemtesa, na anajifunza mchezo wa baduk, wa mawe meupe na meusi, ili apate kuketi mbele ya mume wa mwanamke huyo. Mchezo huo si wa kumla mwenzako kete kwa kete. Unazingira eneo polepole hadi mwenzako anajikuta hana pa kukaa. Wachezaji wetu wa bao la kete watamwelewa Dong-eun kuliko atakavyoelewa mtu aliyezoea drafti. Hapa hata toleo la kusimuliwa linatazamika, kwa kuwa mwanamke mwenyewe hasemi sana na msimuliaji amelazimika kumheshimu. Tahadhari kwa wazazi: yale mateso ya shuleni yanaonyeshwa waziwazi, na si ya kutazamwa na watoto.

Rafu ya Kihindi ipo na ni ndefu kuliko zote, mama wakwe na wake za wana hadi dari, lakini fitina zake hurudiwa kwa muziki ileile mara tatu tatu, na sikuinunua.

Sitajifanya sijui kwamba nakala za duka hili hazikulipiwa kwa waliozitengeneza. Mwenye uwezo wa kulipia huduma halali na intaneti ya nyumbani afanye hivyo, na mimi The Glory niliitazama huko kwanza. Lakini kwa hizi ndefu za kale, wengi wa mtaani kwangu hawana njia nyingine, na ninaandika kwa ajili yao pia.

Linaloliokoa duka, na ambalo limenifanya nirudi, ni mamake kijana. Huja alasiri, hukaa nyuma ya pazia la shanga akichambua mchicha, na amezitazama zote. Nilipopeleka flashi yangu mara ya tatu alimfanya mwanawe ayaandike mafaili upya, 01, 02, 03, mpaka 76, huku akimsimamia. Kisha akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia sehemu ya 68.

"Basi bado hujamjua malkia," akasema, na akakataa kuongeza neno.

Kwa mnunuzi mpya: duka hufunguliwa saa tatu asubuhi na hufungwa Ijumaa wakati wa swala. Beba flashi ya gigabaiti 32 kwa Malkia Kucha peke yake, na 64 ikiwa unataka na Ruyi. Sema mwanzoni kwamba unataka sauti ya asili, omba waifungue sehemu ya kwanza na ya mwisho mbele yako kabla hujalipa, na kama unaweza, nenda baada ya saa kumi, mama akiwa amekwisha kufika.